Moyo Mkubwa: Historia ya Kupima Vyumba vya Moyo, Ikitazamwa Kutoka Likasi

1. Utangulizi

Kiswahili kina moyo mkuu na kina moyo mkubwa. Wa kwanza ni wa shujaa, na aambiwaye kuwa anao hufurahi. Wa pili hutajwa hospitalini, baada ya picha kuinuliwa mbele ya taa na kutazamwa, na aambiwaye kuwa anao hurudi nyumbani na hofu. Tanzania na Kenya husemwa zaidi kwamba moyo umepanuka au umetanuka. Katika Katanga, ambako daktari huwa ameandika kadiomegali kwenye karatasi yake ya Kifaransa, muuguzi anayemfasiria mgonjwa huweza kuchukua njia fupi na kusema tu kwamba moyo umekuwa mkubwa.

Tafsiri hiyo si kosa. Hata hivyo, inakusanya chini ya sifa moja mambo manne ambayo tiba ilichukua zaidi ya karne moja kuyatenganisha: kivuli kilichopanuka katika picha, chumba cha moyo kilichotanuka, ukuta wa moyo ulionenepa, na maji yaliyojaa katika mfuko unaouzunguka moyo. Kila moja lina sababu yake na dawa yake. Kila moja, vilevile, huonekana kwa chombo fulani na kufichika kwa chombo kingine.

Makala haya yanafuatilia jinsi vyombo hivyo vilivyofuatana na jinsi vilivyolinganishwa. Yanafanya hivyo kutoka Likasi, mji wa madini ulio kiasi cha kilomita 120 kaskazini-magharibi ya Lubumbashi, ambao wakati wa ukoloni uliitwa Jadotville. Uchaguzi huo una sababu. Madini mawili ya vilima vya Likasi yanaingia katika historia hii, moja kwa mlango wa chombo na jingine kwa mlango wa sumu: radiamu, iliyofungua njia ya vipimo vya nyuklia, na kobalti, ambayo ikizidi mwilini huweza kuutanua moyo.

2. Kivuli

Kabla ya picha, moyo ulipimwa kwa vidole na sikio. Leopold Auenbrugger, daktari wa Vienna, alichapisha mwaka 1761 kitabu kidogo kuhusu kugonga kifua na kusikiliza tofauti ya sauti. Husimuliwa kwamba alijifunza mbinu hiyo utotoni, akimwona baba yake, mwenye nyumba ya wageni, akigonga mapipa ili kujua yamebaki na kinywaji kiasi gani. Palipo na hewa pana mlio. Palipo na nyama na damu sauti hufifia. Mpaka wa ufifio huo ndio uliokuwa mpaka wa moyo.

Miale aliyoigundua Wilhelm Röntgen mwishoni mwa mwaka 1895 iliuweka mpaka huo mbele ya macho. Lakini kilichoonekana kilikuwa kivuli, na kivuli kina hila zake. Miale hutoka katika nukta moja na kutawanyika, kwa hiyo kivuli ni kikubwa kuliko kitu chenyewe, nacho hukua kadiri kitu kinavyokaa mbali na bamba la picha. Friedrich Moritz, daktari wa Ujerumani, alitafuta dawa ya hila hiyo mwaka 1900: alitumia ule mwale wa katikati tu, akausogeza hatua kwa hatua kuuzunguka moyo na kuuchora ukingo wake. Kazi hiyo ilikuwa ya taratibu mno. Baadaye ikaonekana rahisi zaidi kumsimamisha mgonjwa mbali na mashine, kiasi cha mita 1.8, na kulikubali kosa dogo lililobaki.

Mwaka 1919 daktari wa Marekani, C. S. Danzer, alipendekeza uwiano ambao bado unatumika: upana wa moyo ugawanywe kwa upana wa kifua kwa ndani, na ukizidi nusu, moyo ni mkubwa. Uzuri wa kanuni hiyo ni kwamba haidai chochote ila picha, rula na penseli. Mtu mrefu na mtu mfupi hupimwa kila mmoja kwa kifua chake mwenyewe. Si ajabu kwamba hospitali zenye mashine moja tu, na nyingi za Afrika zimekuwa hivyo, ziliishikilia kwa miaka mia moja.

Udhaifu wake ni wa namna tatu. Kwanza, mgonjwa aliyepigwa picha akiwa amelala, au ambaye hakuvuta pumzi ya kutosha, huonekana na moyo mpana kuliko alio nao. Pili, nusu ya Danzer haikuwa nusu ya wanadamu wote. Mwaka 1982 Nickol na Wade walichapisha katika jarida la Uingereza ulinganisho wa wanaume wa makundi matatu ya asili, Wazungu, Waasia na Waafrika, na mpaka wa juu wa kawaida haukutokea kuwa mmoja. Kwa Waafrika ulikuwa juu zaidi. Maana yake ni kwamba kwa miongo mingi wapo watu wazima wa afya walioambiwa wana ugonjwa kwa sababu kifua chao kilipimwa kwa rula ya kifua cha mwingine. Tatu, na hili ndilo kubwa, kivuli hakina ndani. Moyo wa mwenye shinikizo la damu unaweza kunenepa kuta zake kwa kuelekea ndani, chumba kikabana, na ukingo wa nje usisogee hata kidogo. Picha itasema ni mzima.

Kinyume chake nacho kipo, na ushahidi wake bora unatoka Kampala. Mwaka 1948 J. N. P. Davies, mwanapatholojia wa Mulago, alieleza ugonjwa ambao baadaye ulijulikana kuwa ni wa nchi nyingi za joto. Ngozi ya ndani ya moyo hugeuka kovu gumu, kovu hujaza ncha ya chumba cha chini, na chumba hicho kinasinyaa. Damu isiyopata pa kwenda inarudi nyuma katika chumba cha juu, nacho kinavimba kuliko kiasi. Katika picha ya kifua kivuli kinaweza kuenea karibu upande hadi upande, na kila anayekitazama atasema: moyo mkubwa. Lakini chumba kinachosukuma damu ni kidogo, na hilo ndilo linalomwua mgonjwa. Davies aliweza kulisema kwa sababu aliifungua mioyo hiyo mezani, baada ya kifo. Picha ya uhai haikuwa na uwezo huo.

3. Katheta na radiamu

Njia ya kuingia ndani ya moyo ulio hai ilifunguliwa na kijana asiyekuwa na ruhusa. Mwaka 1929, huko Eberswalde, Werner Forssmann alijipitishia mrija mwembamba katika mshipa wa mkono, kiasi cha sentimita 65, akatembea kwa miguu hadi chumba cha miale, na picha ikaonyesha ncha ya mrija ikiwa ndani ya moyo wake. Wakubwa zake hawakupendezwa. André Cournand na Dickinson Richards wa New York waliiendeleza katheta hiyo katika miaka ya 1940, na wote watatu wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1956.

Kupitia katheta iliwezekana kumimina dawa inayozuia miale, ili chumba chenyewe, na si kivuli cha moyo mzima, kionekane kikijaa na kujikunja. Mwaka 1960 Harold Dodge na wenzake wa Seattle walionyesha jinsi ya kupata ujazo wa chumba cha chini cha kushoto kutokana na picha za pande mbili, wakikichukulia kuwa na umbo linalokaribia yai. Hapo ndipo hesabu inayotawala tiba ya moyo hadi leo ilipopata msingi. Tuseme chumba kikijaa kina mililita 120 na kikijikunja kinabaki na 50. Zilizotoka ni 70, nazo ni kama asilimia 58 ya zilizokuwamo. Asilimia hiyo ni sehemu isukumwayo. Tangu hapo ukubwa na nguvu ya moyo viliandikwa pamoja, na moyo ukawa na namba.

Gharama ya namba hiyo ilikuwa mshipa uliotobolewa, miale mingi na hatari isiyo ndogo. Kwa hiyo ilitafutwa njia ya kuhesabu bila kuingia, na hapa jina la Likasi linakaribia.

Mwaka 1915 madini ya uraniamu yaligunduliwa Shinkolobwe, kiasi cha kilomita 20 magharibi ya mji. Siku zile uraniamu yenyewe haikuwa na soko kubwa. Kilichotafutwa ni radiamu iliyomo ndani yake. Tangu mwaka 1922 madini hayo yalisafishwa Olen, Ubelgiji, na kwa muongo mzima kampuni ya Union Minière ilikuwa karibu peke yake katika biashara ya radiamu duniani, hadi Kanada ilipoingia sokoni katika miaka ya 1930. Katika miaka hiyohiyo ya 1920, Hermann Blumgart na wenzake wa Boston walichukua mmumunyo wa kitu kinachozaliwa na radiamu, wakaudunga katika mkono mmoja wa mtu, na wakangoja kuona mnururisho ukifika katika mkono wa pili. Muda uliopita ulikuwa mwendo wa damu kupitia moyo na mapafu. Si hoja hapa ni kilima gani kilitoa chembe zile. Hoja ni kwamba kwa mara ya kwanza moyo ulipimwa kwa kitu kilichotembea ndani yake na kutoa habari kwa nje.

Wazo hilo lililala karibu nusu karne. Mwaka 1971 Zaret, Strauss na Pitt waliliamsha kwa teknesiamu, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila saa 6, na kwa kamera iliyofungamanishwa na mapigo ya moyo. Ubora wa njia yao ni kwamba haikisii umbo. Chumba kiwe kama yai au kama kibuyu kilichopinda, kamera huhesabu tu mnururisho uliomo kikiwa kimejaa na uliomo kikiwa kimejikunja. Hesabu kama hiyo haitegemei jicho la mpimaji sana. Lakini inategemea dawa isiyoweza kuwekwa akiba kabatini, na hilo pekee linatosha kuiweka mbali na mji wowote ambao ndege haitui kwa ratiba. Kongo ilipata tanuri la nyuklia la kwanza katika Afrika, mwaka 1959, katika chuo kikuu cha Lovanium, Kinshasa. Tanuri lililolifuata lilizimwa mwaka 2004. Uraniamu ya Shinkolobwe ilikuwa imekwisha kupita Hiroshima kabla ya tanuri lolote la Kongo kuwashwa.

4. Mwangwi

Tarehe 29 Oktoba 1953, katika mji wa Lund nchini Sweden, Inge Edler, daktari, na Hellmuth Hertz, mwanafizikia, walirekodi mwangwi wa kuta za moyo. Chombo cha aina hiyo walikuwa wamekiona katika karakana ya meli ya Kockums, Malmö, ambako kilitumika kutafuta nyufa zilizofichika katika chuma. Sauti isiyosikika hupelekwa, hugonga mpaka kati ya kitu na kitu, hurudi, na muda wa kurudi hutoa umbali. Fundi wa vyuma wa Shituru, ambako kiwanda cha kusafisha shaba kwa umeme kilianza mwaka 1929, asingehitaji maelezo marefu. Na Auenbrugger, pamoja na mapipa ya baba yake, angetambua kwamba mgongaji amerudi, safari hii na mkono wa mashine.

Vyombo vya mwanzo vilitoa mstari mmoja tu unaopenya moyo, na katika mstari huo kipenyo cha chumba kilipimwa kwa milimita. Harvey Feigenbaum wa Indianapolis ndiye aliyeifanya kazi hiyo iwe desturi ya kila siku mwishoni mwa miaka ya 1960. Taabu ilikuwa kutoka kwenye kipenyo hadi kwenye ujazo. Kanuni ya kwanza ilikuwa ya kuzidisha kipenyo kwa chenyewe mara tatu, nayo huzidisha kosa pamoja na kipimo: chumba cha milimita 50 kinapewa mililita 125, na mkono ukiteleza hadi 53 kinapewa karibu 149. Milimita tatu ni unene wa kalamu ya wino ya kawaida katika ncha yake. Mwaka 1976 Teichholz na wenzake waliirekebisha kanuni hiyo ili isiukuze mno ujazo wa moyo uliotanuka, lakini hata wao walikuwa bado wakisoma chumba kizima kutokana na mstari mmoja.

Picha za bapa zilipoenea katika miaka ya 1970, chumba kiliweza kukatwa, kama muhogo unavyokatwa visahani, na visahani vikajumlishwa. Njia hiyo ina jina la Simpson, mwanahisabati wa Uingereza wa karne ya 18. Ndiyo iliyopendekezwa na mabingwa wa Marekani mwaka 1989, na tena, pamoja na wenzao wa Ulaya, mwaka 2005 na 2015. Mapendekezo ya 2015 yanaweka sehemu isukumwayo ya kawaida kati ya asilimia 52 na 72 kwa wanaume, na 54 na 74 kwa wanawake; ujazo wa chumba cha chini cha kushoto kikijaa hauzidi mililita 150 kwa mwanamume na 106 kwa mwanamke.

Inafaa kusimama kidogo kwenye lugha. Kiswahili cha Katanga kilishika mizizi katika kambi na karakana, kama Johannes Fabian alivyoonyesha katika kitabu chake cha 1986, na tangu mwanzo kilizoea kuchukua jina la chombo kutoka Kifaransa na kulipa kitenzi cha kwake. Picha ya kifua ni radio, neno ambalo pia ni sanduku la habari na muziki. Chombo cha mwangwi ni ekografi. Vyote viwili hupigwa, kama picha inavyopigwa, kama simu inavyopigwa, na kama moyo wenyewe unavyopiga. Kitenzi kimoja kinavibeba vyote bila kulalamika. Ni wepesi wa kusifiwa, lakini una hasara: anayesema moyo wake umepigwa na kuonekana mkubwa hasemi umepigwa na nini. Mzee wa Kibemba husema umutima, na washairi wa pwani walihifadhi mtima. Majina ya moyo ni ya kale na yanalingana kutoka pwani hadi Katanga. Majina ya kipimo chake bado ni mageni, na ndiyo yanayodondoka kwanza katika maongezi.

5. Mioyo mitano ya mtu mmoja

Ulinganisho wa vyombo ulihitaji mwamuzi, na tangu katikati ya miaka ya 1980 mwamuzi huyo amekuwa picha za sumaku, ambazo hospitali za Kongo huziita IRM. Donald Longmore na wenzake wa London walichapisha mwaka 1985 uthibitisho wa usahihi wa vipimo vyake katika moyo. Picha hizo hukata moyo wote vipande, kuanzia shina hadi ncha, bila kukisia umbo, bila miale na bila kuzuiwa na mbavu au mapafu. Mpimaji yuleyule akirudia hupata karibu namba ileile. Ni mwamuzi wa haki, ila ni mwamuzi wa ghali: anadai heliamu, chumba maalumu na umeme usiokatika. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 umeme wa Inga unasafiri kilomita 1,700 hivi hadi Katanga kwa ajili ya shaba, ukipita juu ya vijiji vyenye giza; mashine za IRM nchini bado ni chache na ziko katika miji mikubwa.

Katika mwaka 2000 Bellenger na wenzake walichapisha kazi ambayo kila mwenye kusoma karatasi ya moyo angepaswa kuijua. Waliwachukua wagonjwa 52 wenye moyo ulioshindwa kazi kwa muda mrefu lakini wenye hali tulivu, na kupima sehemu isukumwayo kwa njia zote zilizokuwapo. Wastani ulitoka hivi: mwangwi wa mstari mmoja kwa kanuni ya kuzidisha mara tatu, asilimia 39, mwangwi huohuo kwa kanuni ya Teichholz, 29, mwangwi wa picha bapa kwa njia ya Simpson, 31, kamera ya nyuklia, 24, picha za sumaku, 30.

Watu ni walewale, na mioyo ni ileile. Anayetazama wastani wa njia tatu za katikati ataona kwamba zinakubaliana, na atakuwa amekosea, kwa sababu wastani huficha mtu mmojammoja. Kwa mgonjwa huyu njia moja ilipanda, kwa yule ilishuka. Jibu la watafiti lilikuwa kwamba vipimo hivyo haviwezi kubadilishana. Na si jambo la kitabuni. Asilimia 40 ndiyo kiwango ambacho chini yake moyo huhesabiwa kuwa umepungukiwa nguvu ya kusukuma na kupewa dawa za kundi hilo. Asilimia 35 ndiyo kiwango ambacho, katika nchi tajiri, huruhusu kupandikizwa kwa chombo cha kuzuia kifo cha ghafla. Kati ya 39 na 24 mtu anavuka mlango mmoja au miwili bila kutoka kitandani.

Kwa hiyo namba isiyotaja chombo chake ni namba nusu. Hii inahusu madaktari, na inawahusu wafasiri pia. Ikiwa ni lazima mgonjwa aambiwe kwa maneno machache, Kiswahili kina njia rahisi ambayo haigharimu pumzi: moyo mkubwa kwa radio, chumba cha kushoto kimetanuka kwa ekografi, moyo unasukuma asilimia 31, kwa ekografi. Kiunganishi kimoja na jina la chombo hutosha. Mgonjwa akihamia Lubumbashi au akivuka mpaka kwenda Ndola, atakayempokea atajua analinganisha nini na nini.

6. Kobalti

Mnamo Agosti 1965 wanaume wa mji wa Québec, Kanada, walianza kufika hospitalini wakihema, nyuso zao zikiwa na rangi ya kijivu, mioyo yao ikiwa imepanuka katika picha. Hadi majira ya kuchipua ya mwaka 1966 walikuwa wamehesabiwa 48, na 20 kati yao walikufa. Wote walikuwa wanywaji wakubwa wa bia. Uchunguzi ulionyesha kwamba watengenezaji walikuwa wameongeza chumvi ya kobalti ili povu lisitoweke upesi katika glasi. Wagonjwa wengine walionekana Marekani, na pia Leuven, Ubelgiji, ambako Kesteloot na wenzake walichapisha uchunguzi wao mwaka 1968. Kiasi cha kobalti katika bia kilikuwa kidogo, kidogo kuliko kilichokuwa kikipewa wagonjwa wa upungufu wa damu kama dawa. Ilionekana kwamba pombe na lishe mbovu viliufanya moyo ushindwe kuhimili.

Kwa historia ya vipimo, kisa hicho kina umuhimu wa pekee. Wengi wa wagonjwa wale walikuwa na maji kuzunguka moyo, na kivuli hakitenganishi maji na nyama. Picha ya kifua ilionyesha moyo mkubwa bila kusema ni kiasi gani cha ukubwa huo ni moyo. Mwaka uleule wa 1965 Feigenbaum na wenzake walichapisha njia ya kuyatambua maji hayo kwa mwangwi. Chombo na ugonjwa vilizaliwa pamoja, lakini havikukutana. Katika hospitali nyingi za wakati ule rula ya Danzer ndiyo iliyokuwapo.

Tangu miaka ya 1920 Union Minière ilizalisha kobalti katika eneo la Jadotville, na baada ya kutaifishwa mwaka 1967 kazi iliendelezwa na kampuni iliyokuja kuitwa Gécamines. Kampuni hiyo ilipodhoofika katika miaka ya 1990, wachimbaji wa mikono waliingia mashimoni. Leo kobalti ya Katanga iko katika betri za simu na magari ya dunia nzima. Swali kama inaugusa moyo wa anayeichimba, au wa mtoto anayecheza karibu na jalala la mawe, ni swali la chombo kabla ya kuwa swali la siasa.

Kokkola, nchini Finland, lilikwisha kuulizwa. Mwaka 2004 Linna na wenzake walichapisha uchunguzi wa wafanyakazi wa kiwanda cha kobalti cha mji huo, kiwanda ambacho baadaye kilipokea kobalti iliyotokana na mabaki ya Lubumbashi. Walitumia mwangwi. Vyumba havikutanuka, na nguvu ya kusukuma haikupungua. Kilichobadilika, kwa kadiri mtu alivyokusanya kobalti kwa miaka, ni muda ambao chumba cha chini huchukua kulegea na kuanza kujaa: mabadiliko madogo, yasiyomletea mfanyakazi maumivu yoyote. Radio ya kifua isingeyaona. Kamera ya nyuklia, ikiulizwa sehemu isukumwayo tu, ingesema moyo ni mzima. Hata mwangwi usingeyaona kama mpimaji angeridhika na kipenyo na asilimia, maana kulegea hupimwa kwa sehemu za elfu za sekunde, kwa kufuatilia mwendo wa damu, na mpimaji lazima aamue kukutafuta.

Inafuata kwamba katika mji wa kobalti, kusema mioyo ya watu haijawa mikubwa ni kusema kidogo sana. Ukubwa ni dalili ya mwisho. Katika Québec ulipoonekana, baadhi ya wagonjwa walikuwa na siku au majuma ya kuishi. Chombo kinachoweza kutoa habari ya mapema si kile cha ghali kupita vyote. Ekografi yenye uwezo wa kupima mwendo wa damu siku hizi hubebwa mkononi na kuendeshwa kwa betri, betri ambayo aghalabu ina kobalti. Kinachodaiwa zaidi ni mpimaji aliyefunzwa, kipimo cha mwanzo kabla ya mtu kuingia kazini, na vipimo vya kawaida vilivyotokana na watu wa afya wa Katanga, ili kosa la nusu ya Danzer lisirudiwe kwa milisekunde.

Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake wakiwamo wa Leuven, walichapisha uchunguzi wa watu 351 katika maeneo ya madini ya Katanga. Kobalti waliyoikuta kwa waishio karibu na migodi na viwanda ilikuwa ya juu kuliko iliyokwisha kuripotiwa popote kwa watu wa kawaida wasiokuwa wafanyakazi wa kobalti, na watoto hawakuwa nyuma. Kilichopimwa katika uchunguzi huo kilikuwa mkojo. Vyumba vya moyo havikuwamo katika orodha.